Katuni zilizoninyima usingizi

Jana nilisema nasoma kurasa mbili tatu za kitabu cha katuni kiitwacho March halafu nilale. Wapi! Saa nane usiku bado niko macho. Ni maisha ya John Lewis, mpigania haki za watu weusi Marekani, yamechorwa na Nate Powell kwa rangi nyeusi na nyeupe tu, vitabu vitatu. Mtoto wa wakulima wa Alabama anawahubiria kuku (hapo nilicheka, maana nami nimewahi kuwafundisha hesabu kuku wa bibi). Kisha Selma, mji wa hukohuko Alabama, 7 Machi 1965: watu wanavuka daraja kudai haki ya kupiga kura, askari wanawajia na virungu na mabomu ya machozi. Kumbe damu ya wino mweusi inatisha kuliko nyekundu. Mdogo wangu kakiazima asubuhi akidhani ni vichekesho. Mpaka sasa kimya.