Papa Lupopo na kiti chake mlangoni

Kila mwaka ikifika tarehe 14 Desemba simu yangu inajaa Kidiaba, kipa wa Mazembe ya kwetu Lubumbashi. Video ni ileile munayoijua wote, kipa amekaa chini anarukaruka kwa makalio, nywele zake za kusuka zinapigapiga mgongo, na chini yake maneno ni yaleyale, Mazembe 2 Internacional 0, Kabangu dakika ya 53, Kaluyituka dakika ya 85, Abu Dhabi 2010, ekipe ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya kombe la dunia la vilabu. Yote ni kweli, hakuna mtu wa kuipinga. Asubuhi hii dada mmoja tunaimba naye kwaya, yeye ni wa Mazembe na mimi ni wa Lupopo, ekipe nyingine ya jiji letu, akanitumia tena na kuongeza, "na nyie wa Lupopo ile siku mulikuwa wapi?"

Tulikuwa hapohapo dada, komini ya Kenya ya Lubumbashi, avenyu moja na nyie. Lakini mimi nikiona Kidiaba akili haiendi ku ile Jumanne ya 14. Inaenda ku Jumamosi ya 18, siku ya fainali yenyewe na Inter ya Italia, na hiyo video watu hawatumianake.

Munajua kwetu ni nyumba ya reli. Babu alikuwa wa reli, papa alikuwa fundi wa breki za mabehewa, na Lupopo ni ekipe ya reli tangu 1939, bashemino, ndio watu wa reli, njano na bluu, jina lenyewe Saint-Éloi ni la mtakatifu wa watu wa kufua vyuma. Mazembe nao walianza 1939 uleule. Papa alikuwa anasema ni mapacha, na hakusema kwa ubaya. Makombe yetu ya shampiona, ligi ya Kongo, aliyataja kwa mpangilio bila kuombwa, 1958, 1968, 1981, 1986, 1990, 2002, halafu ananyamaza kidogo, juu kisha 2002 hakukuwa na kitu. Wenzetu walichukua 2006, wakachukua 2007, wakachukua 2009, na ule mwaka wa 2009 wakabeba na kombe la Afrika, na 2010 tena, ile mechi ya kwanza ya fainali walipiga Espérance ya Tunisia 5-0 palepale Kibassa Maliba, stadi yenye sisi tunaita ya kwetu. Nyumba yetu iko karibu kabisa, hatukuhitaji radio, mama alikuwa anatwanga sombe na sisi tunahesabu kelele, moja, mbili, mpaka tano.

Watu wenye hawajui wanafikiri kupenda ekipe yenye kushindwa ni uchungu wa siku ya mechi. Siku ya mechi ni rahisi, unalia unalala. Kazi ni Jumatatu. Jumatatu shuleni kuna watu wameamka mapema kwa ajili yako, wanakungojea ku mlango wa klasi na wimbo wameshatunga usiku, na mwalimu mwenyewe anaingia ndani ya wimbo. Mimi nilizoea kuchelewa makusudi, niingie kengele imeshalia. Papa alifanya kinyume kabisa. Tukifungwa derby Jumapili, usiku uleule anawasha makala, anajaza pasi, anapuliza majivu mpaka yaishe, anatandika blanketi juu ya meza na kupiga pasi shemise yake ya njano yenye kola ya bluu, kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, anarudi tena ku kola, na Jumatatu anaivaa kwenda kazini ndani ya kombinezo, kola imetoka nje ionekane. Tukishinda haivai. Inabaki ndani ya sanduku. Nilimuuliza akasema, "Siku ya kushinda kila muntu anakujua." Avenyu nzima ilimuita Papa Lupopo, watoto, wamama wa soko, hata padri.

Sasa ile wiki kati ya Jumanne na Jumamosi, mukumbuke vile jiji lilikuwa. Hakuna mtu aliyeongea kitu kingine. Mdogo wangu, alikuwa mtoto kabisa, alishinda siku nzima anaruka kwa makalio ndani ya parsele, yaani kiwanja cha nyumba, mvua imenyesha, suruali yote udongo mwekundu, mama anapiga kelele juu ya sabuni. Nikamwambia aache, hapa ni nyumba ya Lupopo. Papa akasema, "Umuache acheze." Hiyo iliniuma sana. Nilikuwa sekondari, nyimbo zao nilikuwa nimezibeba tangu niko mdogo, na nikaona sasa hata ndani ya nyumba yetu wameingia na papa amewafungulia mlango.

Jumamosi jirani yetu wa ukuta mmoja akatoa tele yake uani, akawasha jenereta, akaita watu wote. Yule ni Mazembe wa damu, yeye na vijana wake wawili, na papa alikuwa rafiki yake tangu ujana, walikosana kila derby na kupatana kabla wiki haijaisha. Papa akaniambia tunakwenda. Akabeba kiti chake cha plastiki, mimi nikabeba kigoda, tukakaa nyuma. Nyeusi na nyeupe za Mazembe zilijaa mpaka juu ya ukuta.

Mechi ilikwenda namna gani munajua, sitakawia. Pandev dakika ya 13. Eto'o dakika ya 17, na ile ya Eto'o iliuma mara mbili juu ni Mwafrika mwenzetu. Kufungwa na Inter haikuwa haya, walikuwa mabingwa wa Ulaya wa ule mwaka, lakini nenda uwaambie hivyo watu wenye walikuwa wanaamini tangu Jumanne kwamba dunia ni yao. Uani ukanyamaza, jenereta ikabaki inanguruma peke yake. Mimi kicheko kilikuwa kinapanda toka tumboni, kicheko cha miaka yote ile, nilishafungua mdomo, na papa bila kunitazama akaweka mkono juu ya goti langu.

"Mama, ku kilio habachekake."

Hiyo tu, na Mama ni mimi. Kisha akamwinamia jirani, akamwambia, "Ndugu yangu, kungali dakika makumi saba." Alisema na sauti ya mtu mwenye kuamini, na nafikiri aliamini kweli, ndivyo alivyokuwa anaongea Kibassa Maliba kila mara tukiwa nyuma.

Biabiany dakika ya 85. 3-0. Ikaisha.

Watu hawakutoka mara moja. Jirani alikuwa analia machozi wazi, mtu mzima, mikono juu ya kichwa. Ndipo kijana wake mkubwa akasimama akasema ni arbitri, mwamuzi wa mechi. Arbitri wa ile fainali alikuwa Mjapani. "Ni Mushinwa! Bashinwa balituiba!" Mwingine akarudia, mwingine tena, na kabla hujafikiri uani mzima ulikuwa unasema Bashinwa, Bashinwa, yaani Wachina, na huko nje ku barabara kubwa tukasikia kundi linapita mbio na neno lilelile mdomoni, sijui nani alilianzisha mji mzima. Kijana mkubwa akainama kando ya choo akaokota nusu tofali. Nyie munakumbuka yenye ilifuata kisha ile fainali, maduka ya Wachina yalipigwa mawe, mengine yakavunjwa na vitu vikabebwa, maduka ya watu wenye labda hata mpira hawakuwa wanaangalia.

Papa akainuka. Hakukimbia wala hakupandisha sauti. Akashika kiti chake, akakipitisha juu ya vichwa vya watoto, akakwenda nacho mpaka ku mlango wa parsele, mlango wa bati, mwembamba, anapita mtu mmoja na ndoo yake, akakiweka katikati, akakijaribu kwa mkono kama kimesimama vizuri, akakaa. Mgongo ku barabara, uso kwetu. Akanyoosha miguu mpaka viatu vikagusa ukingo wa upande wa pili. Mwenye kutaka kutoka ilikuwa lazima amnyanyue yeye na kiti.

"Papa Lupopo, utupishe."

"Mutapita. Munaenda wapi?"

"Tunaenda kuonesha Bashinwa."

"Ule arbitri ni Mujapani."

"Ni kitu kimoja!"

"Haiko kitu kimoja. Na ata angekuwa Mushinwa, huyu wa magazini ya kona, njo alipiga filimbi?"

Hakuna aliyejibu. Kijana alikuwa anahamisha lile tofali, mkono wa kuume, mkono wa kushoto, lilikuwa limelowa na mvua na vidole vyake vilikuwa vyekundu. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tele, niliona shingo yake inapumua mbio, na niliogopa kwa mara ya kwanza usiku ule, juu alikuwa na nguvu, na papa hakuwa mtu mkubwa wa mwili. Papa akamnyooshea kiganja. "Leta." Hakuleta. Lakini hakusogea.

Halafu papa akaanza kuongea. "Munafikiri leo mumejua kushindwa? Hamuyue bado. Mukae niwaambie." Na akaanza. Alitoa derby za ujana wake moja kwa moja, ile ya mvua, ile ya penalti yenye iligonga mwamba na kumrudia mpigaji ku kifua, wapi alikuwa amesimama, nani alikuwa pembeni yake, vile alirudi kwa miguu na babu na babu hakutoa neno mpaka wakafika ku reli, ndipo akauliza nyumbani kuna nini cha kula na bukari. Akawaambia kitu chenye mimi mwenyewe sikuwahi kukisikia, kwamba siku moja yeye na wenzake wakitoka stadi na hasira walivunja kioo cha taksi-bisi, na kumbe mwenye gari ni mushemino, suporta wa Lupopo, alikuwa ametoka mechi ileile na uchungu uleule, akashuka akakaa ku barabara akiokota vioo na mikono. "Tulimuangalia tu," papa akasema. "Hatukujua tufanye nini na ile mikono yetu."

Jirani akafuta uso na shati lake. Akawaambia vijana wake, "Mukae." Mdogo akakaa juu ya ndoo. Mkubwa akabaki amesimama, akatazama mlango, akatazama papa, kisha akaliweka lile tofali chini na kulikalia.

Papa aliongea mpaka barabara ikatulia, sauti yake ikaanza kukauka, mke wa jirani akamletea munkoyo ndani ya kikombe cha bati. Mtu akauliza, tena, na ile ya 1990 ilikuwa namna gani? Mtu wa Mazembe akauliza hiyo. Na papa akamuambia ya 1990.

Usiku nilimuuliza papa juu ya nini anawatuliza watu wenye sisi hawatutulizake. Akasema wangekwenda kuumiza mtu. Nikasema si wangejiona wenyewe. Akanitazama, akasema nilale.

Mengine yalipita mbio. Kaluyituka alipewa mpira wa fedha, wa pili nyuma ya Eto'o, na jirani alikuja kumuonesha papa ndani ya gazeti. Mwaka uliofuata Mazembe wakafungua stadi yao wenyewe kule Kamalondo. Walichukua shampiona 2011, 2012, 2013, 2014, wakachukua Afrika tena 2015. Derby iliyofuata wale vijana walisimama mbele ya parsele yetu wakaimba kama zamani, na yule wa tofali alikuwa mbele, na papa alitoka kuwasalimia kila mmoja kwa jina. Papa alituacha bila kuona kombe la saba la Lupopo.

Mdogo wangu, yule wa kuruka kwa makalio, leo ni Lupopo kunipita mimi. Yeye anasema papa ile usiku aliokoa vijana wawili wa jirani na Mchina mmoja wa kona, na ni vile tu. Mimi naona kulikuwa na kitu kingine. Miaka yote papa alikuwa na hadithi zake na hakuna wa kuzisikiliza, akizianza watu wa avenyu wanaanza wimbo. Ile usiku alisikilizwa na uani mzima wa Mazembe na hakuna aliyecheka, na uso wake pale mlangoni niliuona vizuri, ulikuwa na furaha. Nafurahi aliipata. Na inaniuma mpaka leo kwamba ilikuwa lazima wao wafungwe ndiyo wamsikie. Nikimuambia mdogo wangu hivyo anasema nawaza sana, papa angekaa pale hata kama hakuna wa kumsikiliza. Labda. Mimi bado sijakubali, na derby ikifika tutabishana tena njia nzima mpaka Kibassa Maliba.