Gari ya kulala: urefu wa Babu na kichupa cha insulini

Kiinua mgongo changu kilipoingia mwaka jana, dada yangu alikuwa na hakika nitaezeka upya nyumba ya Wete, Pemba. Nikamwambia tunanunua gari, tunaifanya chumba, na tunazunguka Bara mpaka miguu ikatae. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nyumba unayo, bi wee. Utalalaje garini kama utingo?"

Nilikuwa muuguzi miaka 33. Nimehesabu zamu za usiku za kutosha, na nimewaona wengi waliosema "tutakwenda tukistaafu", kisha nikawapokea wodini kabla hawajakwenda. Mimi na mume wangu, ambaye wajukuu wanamwita Babu na mimi sasa namwita hivyo hivyo, hatukutaka safari ya wiki mbili. Tulitaka kukaa Lushoto mpaka tuchoke na baridi, kisha tushuke, kisha siku moja tufike Kigoma tulione ziwa. Nyumba tumempangisha mwalimu wa skuli, kodi yake ndiyo mafuta yetu. Pensheni ni chakula na dawa. Kwa gari na matengenezo yake yote tulijiwekea shilingi milioni 30, na tukaapizana hatuongezi.

Kila anayesikia huniuliza kwanza injini. Sisi hatukuanza na injini. Tulianza na vitu viwili visivyobadilika: Babu ana urefu wa mita 1.83, na Babu anadunga insulini.

Kabla ya kununua chochote tuliazima Noah ya mpwa wangu, tukatoa viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukaenda kulala ufukwe wa Vumawimbi usiku mbili. Namsihi yeyote anayefikiria jambo hili afanye hivyo kabla ya kutoa hata senti. Usiku wa kwanza Babu alilala kapinda kama kamba, miguu imeubana mlango wa nyuma. Mimi sikuweza kukaa wima kitandani kuvaa, ikawa kila nguo naivaa nimelala. Madirisha tukiyafungua mbu wanaingia, tukiyafunga tunapikika. Kufika alfajiri tulikuwa tumeshajua: Noah ni gari nzuri ya familia, lakini si chumba chetu. Zaidi ya hapo, zile Noah za zamani za dizeli zenye injini ya 3C-T zina sifa ya kupasuka silinda hedi zikipata joto, na mimi sitaki kuwaza hilo napanda mlima wa Kitonga na mgonjwa ubavuni.

Ikabaki Hiace. Tulivuka kwenda Unguja mara tatu, na futi kamba mkobani.

Ile ndefu zaidi yenye paa la juu ina urefu wa mita 5.38 na upana wa mita 1.88. Niliingia nikasimama wima, kichwa changu hakikugusa dari, na wallahi machozi yalinilengalenga. Nilishaona pa kuweka jiko, pa kuswalia, pa kila kitu. Ilikuwa gari ya kubebea watalii huko kaskazini, imepakwa rangi mpya, inang'aa, na bei yake ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Babu, aliyekuwa fundi wa kuchomelea vyombo maisha yake yote, hakuitazama rangi. Aliomba zulia linyanyuliwe. Kisha akalala chini kwenye vumbi akagongagonga chesisi kwa mpini wa bisibisi. Mahali palipo pazima hulia kengele, na palipooza hunyamaza. Karibu na tairi la nyuma palinyamaza. Alipokwaruza, rangi ilitoka na kutu ikamwagika kiganjani kama ubuyu.

Gari inayolala ufukweni miaka kumi huliwa na chumvi kutoka chini, na hapa kwetu gari nyingi za bei nafuu zimeishi maisha hayo. Injini iliyochoka utaibadilisha. Kiti kilichochanika utakishona. Chesisi iliyooza ni hela unayoizika kila mwaka, na siku moja inakatika uko mbali na kwenu. Nilihuzunika sana kuiacha ile gari. Mpaka leo nikipita barabarani nikaona paa la juu nageuka.

Tuliyonunua ni Hiace ya kawaida, urefu wa mita 4.695, paa la chini, ya mwaka 2006, kwa milioni 22. Sakafu yake kavu, chesisi yote inalia kengele. Ndani sisimami, nainama. Lakini kutoka nyuma ya viti vya mbele mpaka mlangoni kuna kama mita 3, kwa hiyo Babu ananyoosha miguu kwa urefu wa gari na bado panabaki nafasi ya kabati. Kwa upana asingelala: ndani kuna mita moja na nusu tu. Wengi hulala kwa upana ili kuokoa nafasi, nao wana haki yao, lakini lazima wawe wafupi.

Injini ni ya petroli, ya cc 2,000. Hapo tuligombana na ukoo mzima, kwa sababu kila mwanamume ana yakini kwamba safari ni dizeli. Dizeli inakula kidogo, kweli. Lakini zile za turbo za miaka ya karibuni zina nozeli za kunyunyizia mafuta ambazo mafuta machafu huziua, na kuzibadilisha ni bei ya friji na betri pamoja. Ya kwetu haina turbo, ina cheni badala ya mkanda, na fundi yeyote anaijua. Inapanda mlima polepole. Na sisi tunakwenda polepole, hatuna zamu ya kuwahi.

Sasa insulini. Chupa zisizofunguliwa zinataka nyuzi 2 mpaka 8. Ikiganda imeharibika hata kama itayeyuka na kuonekana safi, kwa hiyo kibaridi cha barafu hakinitoshi, maana barafu haina kipimo. Lazima friji ya kompresa ya volti 12. Nikakaa na daftari: friji inavuta kama wati 45 inapofanya kazi, na kwa joto letu itafanya kazi nusu ya siku, yaani wati-saa 540. Feni usiku, taa na simu, ongeza 180. Jumla 720. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampia-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, 600. Haitoshi. Tukanunua ya lithiamu ya ukubwa huohuo, ambayo unaitumia karibu yote. Ndiyo kitu cha ghali kuliko vyote garini, na ndicho nisichojutia hata kidogo. Juu kuna sola ya wati 200, na kwa siku za masika kuna chaja inayochukua umeme kwenye alteneta tukiwa safarini.

Maji tumebeba lita 60, si zaidi, maana kila lita ni kilo. Gesi ni mtungi mdogo wa kilo 6 ndani ya kabati lenye tundu sakafuni, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama chini, hapo hapo unapolala. Nimeuguza watu walioungua. Tundu hilo nilisimama mwenyewe mpaka fundi akalitoboa. Kupika kwenyewe tunapika nje.

Gari ina namba ya Zanzibar, kwa hiyo karatasi za kuivusha Bara tuliziulizia kabla ya kutoa hela, na nawe fanya hivyo.

Hela zilizobaki ni laki sita. Choo bado tunabishana: mimi nataka ndoo yenye mfuniko ndani, Babu anasema vituo vya mafuta vinatosha. Yeye haamki usiku mara tatu. Nyavu za madirisha zinashonwa wiki hii. Friji imekaa siku nne uani juani, milango ya gari imefungwa kwa makusudi, na kipimajoto nilichokitia ndani leo saa nane mchana kimesoma nyuzi 5. Dada yangu alikuja kukitazama. Akauliza viti vya mbele ni viwili au vitatu.