Kutoka Kitwe hadi Kasumbalesa: siku moja kwenye barabara ya shaba

Saa 11 alfajiri, Kitwe. Mwezi wa sita kaskazini mwa Zambia ni kipindi cha kipupwe, na baridi ya alfajiri inapenya hadi kwenye mifupa. Kabla ya chai nahakiki vifaa. Kipima tindikali nakichovya kwenye kimiminika cha pH 4, kisha cha pH 7, mpaka namba zikubaliane. Nahesabu chupa za sampuli, vichujio, glavu, barafu kwenye boksi.

Shirika letu hufuatilia miradi ya madini na maliasili kusini mwa Afrika kwa niaba ya watu wanaoishi jirani nayo, na tunasafiri kwa gari. Ukienda kwa ndege, mwenye mgodi anakupokea uwanjani na jambo la kwanza unaloliona ni ukumbi wake wa mikutano. Ukienda kwa barabara unapita kwanza kwa majirani zake. Mimi nina utaratibu ambao siuvunji: mtoni kwanza, getini baadaye.

Saa 12 na robo tunaondoka. Dereva wetu ni mzee mmoja mzaliwa wa Mufulira, mtu wa maneno machache, na hawashi gari kabla hajakagua tairi, jeki, gudumu la akiba na pembetatu za tahadhari. Baba yake alichimba chini ya ardhi Mufulira. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Septemba 1970 bwawa la topesumu, yaani tope la mabaki ya kuchenjua madini, lililokuwa juu ya machimbo lilititia, tope likashuka kwenye mashimo, wachimbaji 89 wa zamu ya usiku wakafa. Baba yake alikuwa zamu ya mchana. Mzee alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na bado anakumbuka nyumba zipi za mtaa wao ziliwekwa matanga.

Tunaupita mlima mweusi wa mabaki ya tanuru pale Wusakile, ambao wakazi wa Kitwe wanauita Black Mountain. Vijana wanaoparura shaba iliyosahaulika humo huitwa majerabo. Tarehe 20 Juni 2018 kipande cha mlima kiliporomoka, kikaua 10.

Saa 1 na nusu tunaacha lami upande wa Chambishi na kufuata njia ya vumbi hadi kijito cha Mwambashi. Hapa hukaa muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na naomba na wewe msomaji ukae nami kidogo.

Tarehe 18 Februari 2025 ukuta wa bwawa la topesumu la kiwanda kimoja cha kuchenjua shaba ulipasuka eneo hili. Taasisi ya Wahandisi ya Zambia ilitaja kiasi cha lita milioni 50 za maji yenye tindikali na metali nzito. Yaliingia kijitoni, na kijito kinamwaga Mto Kafue. Samaki waliokufa walionekana hata kilomita 100 chini ya mto. Jiji la Kitwe, lenye wakazi wapatao 700,000, lilifungiwa maji ya bomba. Serikali ilileta ndege za jeshi la anga kumwaga chokaa mtoni ili kuipunguza nguvu ile tindikali. Zaidi ya nusu ya Wazambia wanaishi katika bonde la Kafue, na Lusaka nayo inakunywa humo.

Kuhusu chokaa, nataka ieleweke vizuri maana nimesikia watu wengi wakisema "mto umeshasafishwa". Tindikali ndiyo inayoyeyusha shaba, manganizi na wenzao na kuzibeba ndani ya maji. Ukimwaga chokaa, pH inapanda, yaani ukali wa tindikali unashuka, metali zinajitenga na maji na kuzama. Maji yanakuwa masafi machoni, na kipimo cha juu kinaweza kusoma vizuri kabisa. Lakini zile metali hazijaondoka. Ziko kwenye tope la chini na kwenye udongo wa mabondeni, na mvua kubwa ya masika inaweza kuzikoroga upya. Kwa hiyo anayepima maji tu na kuacha tope, amepima nusu ya jambo.

Tunaanza chini ya kijito na kupanda juu, ili tusitibue tope la mahali ambapo bado hatujapima. Chupa inasuuzwa mara tatu kwa maji ya kijito chenyewe. Sampuli ya metali zilizoyeyuka inapita kwenye kichujio, kisha inatiwa matone ya tindikali ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. pH na joto hupimwa hapohapo. Ukisubiri maabara umechelewa. Kila chupa ina lebo, saa na sahihi, na karatasi yake ya makabidhiano. Namba za leo sizitaji hapa. Namba ya mkono mmoja haitoshi kumtetea mtu yeyote, na kampuni ina wanasheria.

Mama mmoja anashuka na ndoo. "Mwashibukeni mukwai," namwamkia. "Eya mukwai." Kibemba changu kinaishia karibu na hapo, mzee anatafsiri. Ananionesha shamba lake bondeni, mahindi yaliyoungua mwaka ule kuanzia mizizi, na mgomba uliobaki kisiki. Anauliza swali moja tu: mvua za Novemba zikija, apande huku chini au aache?

"Bamayo," namjibu, "leo sijui. Nitachukua udongo wako pamoja na maji, na majibu nitakuletea kwanza wewe."

Nachukua udongo sehemu tano za shamba, nauchanganya, naugawa mara mbili. Nusu moja nafunga na kumwachia, imeandikwa tarehe. Siku akihitaji kuipeleka kwa mpimaji mwingine asiyenijua, awe nayo. Kwa maoni yangu hilo lingepaswa kuwa haki ya kila mkulima anayeishi chini ya bwawa la mgodi, lisitegemee huruma ya mgeni.

Nikiwa kwenye kazi hii hukumbuka Mto Tigithe kule Tarime, Tanzania, mwaka 2009, wanavijiji walipolalamikia maji yenye tindikali kutoka mgodi wa dhahabu. Maswali yalikuwa haya haya.

Saa 4 na nusu, Chingola, getini. Unapuliza kipima pombe, unaandikishwa, unaangalia video ya usalama, unavaa kofia ngumu, miwani, rifleta na buti za chuma. Kutoka juu Shimo la Nchanga ni la kutisha: ngazi juu ya ngazi za mwamba, kina cha mamia ya mita, na malori makubwa ya machimbo yanaonekana kama siafu kule chini. Wageni wengi hupiga picha hapo. Mimi naomba nipelekwe kwenye bwawa la topesumu.

Maswali yangu kwa wahandisi ni yaleyale kila mradi. Maji bwawani yako chini ya ukingo wa ukuta kwa mita ngapi leo, na yalikuwa ngapi Februari? Mirija ya kupimia maji ndani ya ukuta inasomwa na nani, na akiona yanapanda anampigia nani saa nane ya usiku? Na kijiji cha kwanza chini ya ukuta kina king'ora? Baada ya bwawa la Brumadinho kule Brazili kuua watu 270 Januari 2019, kiwango cha kimataifa cha mabwawa haya kilitolewa Agosti 2020. Kinataka kampuni itangaze hadharani hatari ya kila bwawa lake na iwape jirani mpango wa kujiokoa. Miaka miwili baadaye, Septemba 2022, ukuta wa Jagersfontein huko Afrika Kusini ukapasuka. Mhandisi kijana aliyenitembeza leo alijibu swali la kwanza na la pili bila kupepesa. La tatu aliliandika kwenye daftari lake. Nimemwomba jibu kwa maandishi.

Saa 7 mchana tunakula nshima, yaani ugali, kapenta, ambao ni dagaa, na kalembula, ambayo kwetu ni matembele, kwenye kibanda cha barabarani. Mezani wanabishana kuhusu tani milioni 3 za shaba kwa mwaka ambazo serikali inataka zifikiwe ifikapo 2031. Wengi wanazitamani, na nawaelewa: mgodi ukifungwa, Chingola yote inafunga mkanda. Lakini mji huu huu ndio uliotoa wanavijiji 1,826 walioishtaki kampuni ya mgodi na kampuni mama yake kwa uchafuzi wa mito yao. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa kesi yao inaweza kusikilizwa London. Januari 2021 pande mbili zilipatana, kampuni bila kukiri kosa. Watu wa mabondeni, wengi wao wakulima na wavuvi, walifungua njia ambayo wanasheria duniani wanaitumia hadi leo.

Saa 9 tunapita Chililabombwe. Mgodi wa Konkola ni miongoni mwa migodi yenye maji mengi zaidi duniani. Husukuma nje kiasi cha mita za ujazo 300,000 kila siku ili wachimbaji wasizame. Nachukua sampuli moja kwenye mfereji, tunaendelea.

Saa 10 na nusu, Kasumbalesa, mpakani na Kongo. Foleni ya malori inaanza mbali kabla ya geti, na Kiswahili kinaanza hapohapo. Namba za Tanzania kila upande. Madereva wamewasha majiko ya gesi ubavuni mwa malori, ugali uko motoni.

"Dada, umetokea wapi na hiyo rifleta? Karibu chai."

Mzigo wao ni salfa. Imeshushwa bandari ya Dar es Salaam, ikapita Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi, na sasa inasubiri kuingia Katanga. Huko itachomwa itengeneze tindikali ya kuyeyushia shaba na kobalti, na lori hilohilo huenda likarudi Dar na mabamba ya shaba. Ripoti za migodi hutaja wafanyakazi walioko ndani ya ukuta. Hawa hawamo. Lakini wao ndio wanaolala juu ya mzigo siku kadhaa, vumbi la salfa likiwawasha macho kila turubai linapofunguka, vyoo hakuna, na maji wananunua kwa dumu. Mmoja, kijana wa Mbeya, macho yamemwiva mekundu. Anasema miwani ya kinga hajapewa tangu aanze kazi hii. Namwachia ya kwangu ya akiba na naandika sehemu nzima ya ripoti kuhusu maegesho haya. Mgodi unaanzia pale mzigo wake unapopakiwa, na anayenunua shaba awajue na hawa.

Saa 2 usiku, nyumba ya wageni Chililabombwe. Barafu mpya kwenye boksi, lebo zinakaguliwa upya dhidi ya daftari, karatasi za makabidhiano kwenye bahasha. Sampuli zitakwenda maabara mbili tofauti. Mapendekezo ya leo ni matatu: tope la chini ya Mwambashi lipimwe kabla na baada ya masika, king'ora kiwekwe kijiji cha kwanza chini ya ukuta na kijaribiwe watu wakiwa wamelala, na matokeo ya udongo yaandikwe kwa Kibemba, yafike kwa mwenye shamba kabla ya Oktoba kwisha, maana Novemba mbegu zinaingia ardhini.

Mzee ameshapanga safari ya kesho: Solwezi, tuondoke saa 11. Kabla ya kwenda mgodi wa Kansanshi, tutapita kwenye mto.