Fungu la Shangazi

Dari ya chumba cha shangazi iliporomoka alfajiri, Aprili 2014, masika yamekolea. Yeye alikuwa msalani akitia udhu. Aliporudi alikuta kitanda kimefukiwa na mawe, chokaa na udongo mwekundu, na kipande cha boriti kimelala juu ya mto, pale pale anapoweka kichwa. Alinipigia simu Dar es Salaam kabla jua halijachomoza. Hakulia. "Njoo uione nyumba ya babu yako," alisema, akakata.

Nilipanda boti ya asubuhi.

Nyumba yenyewe iko Sokomuhogo, ndani kabisa ya Mji Mkongwe wa Unguja, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wenye mizigo hawapishani mpaka mmoja aegemee baraza. Ina ghorofa mbili. Kuta ni za mawe ya matumbawe, unene wake tangu kiwiko hadi ncha za vidole, na vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua upana: ikipita mita tatu hivi, iliyonyooka huipati. Babu aliinunua kwa pesa za karafuu. Alipofariki aliacha watoto sita, wanaume watatu na wanawake watatu, na kwa hesabu ya mirathi hayo ni mafungu tisa. Marehemu baba yangu alikuwa na mawili, ndiyo yaliyotufikia mama, mimi na ndugu zangu. Ami Mkubwa ana mawili, ami mdogo aliye Toronto mawili. Shangazi wa Maskati na shangazi wa Dar, kila mmoja lake. Na huyu wa Sokomuhogo, aliyemuuguza babu mpaka siku ya mwisho, anayefagia na kulipia umeme, naye fungu moja.

Nilianza kwa kosa. Nilimtafuta fundi wa mtaani, tukakubaliana ang'oe boriti zilizobaki amimine zege lenye nondo. Siku ya tatu, mifuko ya saruji imeshapangwa ukumbini, wakaja watu wa ofisi inayosimamia uhifadhi wa Mji Mkongwe. Hatukuwa na kibali. Wakaandika ukutani kwa rangi nyekundu: SIMAMISHA.

Nilijua kwamba Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, na kwamba ipo sheria ya 2010 inayokataza kuligusa jengo bila ruhusa. Nilijua kama mtu anavyojua habari ya redioni. Siku ile ilikuwa ni mama mtu mzima analala kwenye mkeka ukumbini, mvua inanyesha, na mtu amesimama mbele yangu na kopo la rangi. Nilipandisha sauti mpaka majirani wakatoka barazani.

Kijana mmoja wao alibaki wenzake walipoondoka. "Kaka, njoo nikuoneshe kitu," akaniambia, akanipeleka uani, kwenye ukuta ambao babu aliupiga lipu ya saruji miaka ya tisini. Akagonga kwa kifundo cha kidole, ukalia kama debe tupu. Akatoa ufunguo wake mfukoni, akauchomeka kwenye ufa na kuubinya, na pande la lipu la ukubwa wa sinia likabanduka. Nyuma yake jiwe lilikuwa limelowa, limeota chumvi nyeupe mithili ya ukungu wa mkate, na alipolikwangua lilimong'onyoka. Kisha akasogea hatua mbili, palipobaki chokaa ya zamani. Akakwangua pia. Likatoka vumbi kavu.

"Chokaa inapumua," alisema. "Maji yakiingia, yanatoka. Saruji inayafungia ndani, nayo yanatafuta pa kwenda. Na pa kwenda ni kwenye boriti."

Tukapanda juu. Akaniokotea ile boriti iliyokuwa juu ya mto. Katikati ilikuwa nzima, ngumu, ukiigonga inalia. Lakini ncha yake iliyokuwa imezikwa ukutani ilinyofoka kwa vidole kama mkate uliotiwa chai. Ukuta ule wa uani ndio uliobeba dari ya shangazi. Saruji yetu wenyewe ndiyo iliyoiangusha, na mimi nilikuwa nimepanga mifuko mingine ishirini ukumbini. Nilimwamini kijana yule siku ile, na namwamini mpaka leo.

Nikamuuliza itagharimu kiasi gani kutengeneza anavyotaka yeye. Mikoko haikatwi tena ovyo, chokaa inataka kuzimwa na kukaa wiki kadhaa shimoni, na mafundi wanaoijua kazi ile unawahesabu. Tulipopiga hesabu pamoja ilikuwa karibu mara tatu ya zege.

"Nani anailipa hiyo tofauti?"

Alitazama chini. "Mwenye nyumba," alisema.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tukakutana ukumbini. Ami Mkubwa alitoka Dar, shangazi wa Dar pia. Toronto na Maskati walikuwa kwenye simu mbili zilizoegemezwa kwenye jagi la maji. Palikuwa na habari nyingine: mfanyabiashara wa hoteli aliyekwisha kununua nyumba ya jirani alitaka na yetu, aziunganishe. Bei yake ilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema ni mbaya.

Ami Mkubwa alizungumza taratibu, na sikuweza kumlaumu hata kwa neno moja. "Mtu mwenye kiwanja Fuoni, nje ya Mji Mkongwe, akitaka kuvunja anavunja, akitaka kupandisha ghorofa anapandisha. Siye kosa letu ni kurithi nyumba nzuri? Nina watoto wawili chuoni. Fungu langu liko hapa, nalitazama tu kama picha." Kisha akataja hoteli iliyokuwa ikijengwa pale Mambo Msiige, Shangani, ambayo habari zake zilifika hadi kwenye Kamati ya Urithi wa Dunia na ujenzi ukaendelea. "Mwenye uwezo anajenga. Mwenye beseni la kukingia mvua ndiye anayeandikiwa ukutani."

Hapo ndipo nilipoinuka. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilisema kwamba nyumba ile si yetu peke yetu, kwamba mafundi walioichonga milango yake hawapo tena, kwamba ikiunganishwa na ya jirani ule ua utazibwa na kichochoro kitakosa upepo. Nikasema ni mali ya dunia nzima. Nilikuwa nasema kweli, na nilikuwa nalala kwenye nyumba ya kupanga Kariakoo, chini ya bati lisilovuja.

Shangazi alikuwa ameketi karibu na mlango, mkono umeshika upindo wa kanga. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Hiyo dunia nzima, mwanangu," aliniuliza, "jana usiku ilikuwa wapi?"

Hakuna aliyejibu. Hata kwenye simu kulikuwa kimya, tukidhani mtandao umekatika.

"Kuuza sitaki," akaendelea. "Hapa ndipo alipofia baba. Lakini msiniweke mlinzi wa kitu chenu nyote, halafu mvua ikinyesha nikawa peke yangu. Miye nataka kulala."

Tangu siku ile, nikisikia mtu anazungumzia uhifadhi, namsubiri afike kwenye pesa. Sheria iliyoikataza saruji ilikuwa na haki. Lakini imemwingiza kwenye nyumba yetu mrithi wa saba, asiyeandikwa kwenye mirathi, mwenye sauti kuliko wote na asiyechangia hata mfuko wa chokaa. Ami Mkubwa hakuwa adui wa Mji Mkongwe, wala yule mnunuzi hakutukosea kwa kuleta bei. Aliyeachiwa gharama yote alikuwa mwenye fungu moja.

Tulichokubaliana, baada ya Isha, ni kidogo kuliko tulichogombania. Chumba cha chini kinachotazama njia kilikodishwa kwa muuza kanga na vinyago, naye akatoa kodi ya miaka mitatu mbele. Warithi wote walisamehe sehemu zao za kodi hiyo. Wa mwisho kukubali alikuwa Ami Mkubwa, na ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya kukataa. Zile pesa zilitosha chumba kimoja.

Kijana wa ofisini alitutafutia mzee wa Malindi aliyejua kazi. Ile hatua ya mwisho ya kazi sitaisahau: boriti mpya zimeshapangwa, mawe madogo na chokaa vimemwagwa juu yake, halafu ukawa wakati wa kuipiga. Tulikuwa kumi na mmoja, vijana wa mtaa na wanawake wawili majirani, kila mtu na ubao wake, tumechuchumaa kwa mistari. Unapiga, unasogea, unapiga. Mzee anarusha maji kwa kifagio na kutuimbisha ili mikono iende pamoja. Siku ya kwanza mlio ulikuwa mzito, kama kupiga godoro. Siku ya tatu, adhuhuri, ulibadilika ukawa mwembamba na mkali. Mzee akainua mkono, tukanyamaza. Shangazi alikuwa chini, chumbani kwake, anatazama juu.

Nyumba ya jirani ilifanywa hoteli. Ilipanda ghorofa moja zaidi, na saa za alasiri kivuli chake kinaufunika ua wetu.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, humo humo Mji Mkongwe, ilianguka, watu wawili wakafariki. Jumba la Sultani Barghash, la mwaka 1883, mali ya serikali, na mafundi walikuwa kazini siku hiyo hiyo. Shangazi alinipigia jioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

"Chumba changu kizima, alhamdulillahi. Lakini njoo uitazame dari ya chumba cha baba yako. Kuna boriti tatu tumeziwekea magogo."

Nilipanda boti ya asubuhi.