Miligramu 2 za mwisho zilinitesa kuliko 18 za kwanza

Nianze na shemeji, maana bado nina hasira naye. Aliniambia, "We acha tu, kwani hiyo ni sigara?" Nilikuwa nimetumia paroksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi kwa miaka 7, sonona ilishatulia zamani, nalala, nacheka, kazini naenda. Nikaona kweli, mtu mzima anashindwaje na kidonge kisichofika ukubwa wa kifungo cha shati? Nikaacha Ijumaa.

Jumamosi safi. Jumapili nikajisifu. Jumatatu nimesimama kando ya barabara nataka kuvuka, nikageuza macho kulia, kichwani kikapiga kitu: zzt. Hayakuwa maumivu, ilikuwa shoti hasa, kama mtu amegusanisha nyaya mbili nyuma ya macho, na midomo ikafa ganzi. Nikaangalia kushoto: zzt. Kulia tena: zzt. Magari yanapita, watu wanavuka, mimi nimeganda pale naogopa kusogeza mboni. Baadaye nikagundua kwamba nikigeuza shingo nzima huku macho yametulia mbele, shoti zinapungua, basi wiki ile nikatembea kama bundi. Usiku ndoto za ajabu na shuka limelowa jasho. Alhamisi kijiko kikaanguka jikoni, nikalia. Na si machozi mawili matatu, nililia kwa kwikwi, kisa kijiko.

Shemeji akatoa hukumu: "Unaona? Ugonjwa umerudi." Nikaamini, nikarudia kidonge, na kesho yake mchana nikawa mzima. Hapo ndipo ningejiuliza, sonona gani hii inayopona kwa siku moja, wakati mwanzoni dawa hiyo hiyo ilichukua wiki kadhaa kunipa nafuu? Tena sonona yangu haikuwahi kunipiga shoti hata siku moja. Sikujiuliza. Nilikaa na woga mwaka mzima.

Mara ya pili nikaja na ujanja wa kuruka siku: leo nameza, kesho simezi. Ushauri huu nilipewa na mtu mwenye koti jeupe, simtaji. Kwa paroksetini ni balaa. Nusu yake hutoka mwilini kwa takriban saa 21, kwa hiyo siku ya kuruka unaporomoka, siku ya kumeza unapandishwa tena. Nilijibembeza hivyo wiki 3 nikijiona mtu mwenye mpango. Wenye fluoksetini, dawa nyingine ya sonona, wana bahati yao, ile hukaa mwilini siku nyingi. Mtu akikutambia kwamba aliacha bila shida, muulize kwanza alikuwa anatumia ipi.

Daktari niliyempata baadaye alinichorea mstari uliopinda nyuma ya karatasi ya dawa. Akasema dawa hii huziba milango inayorudisha serotonini, kemikali ya ubongo, ndani ya seli, na dozi ndogo tu inaziba mingi. Ukiongeza juu yake, unaziba michache zaidi. Kwa hiyo kutoka 20 hadi 10 ubongo hautikisiki sana, ila kutoka 2 hadi sifuri milango mingi inafunguka kwa mkupuo. Watafiti Mark Horowitz na David Taylor waliliandika jambo hili mwaka 2019 katika jarida la The Lancet Psychiatry, na mimi nilikuwa bado nabishana na shemeji.

Akanibadilishia dawa ya maji, miligramu 10 kwa kila mililita 5. Bei iliniuma, nadhani mara mbili au tatu ya vidonge. Nikachukua na sirinji ya mililita 1 isiyo na sindano, nusu yake ikiwa miligramu 1. Nikajiona mkemia. Wiki mbili za mwanzo shoti zikaja hovyo, leo nyingi, kesho hakuna, nikaanza kuilaumu dawa, mpaka mfamasia akaniuliza kwa upole, "Chupa huwa unaitikisa?" Ile dawa hutuama. Nilikuwa nachota maji ya juu.

Kitu ninachojivunia ni kalenda ya ukutani. Kila shoti, nukta moja ya kalamu nyekundu. Baada ya miezi miwili nikaona kabisa: nikipunguza, nukta zinajaa siku ya 3 hadi ya 6, kisha zinakonda zenyewe. Daktari akaipenda kuliko maelezo yangu yote. Tukakubaliana nisishuke tena mpaka zipite wiki mbili bila nukta. Mawazo ya kujidhuru hayakuwa ya kuwekewa nukta. Hayo, alisema, nipige simu siku hiyo hiyo.

Kutoka 20 hadi 5 nilitumia miezi 4. Hizo 5 zilizobaki zilikula miezi 10. Nilipofika 1.5 kalenda ikawa nyekundu kama surua, nikarudi 2 nikakaa wiki 6, ndipo nikashuka kwa robo robo.

Sasa ni wiki ya 11 bila dawa. Jana nilivuka barabara, nikaangalia kulia, kushoto, kulia tena. Kimya. Shemeji alikuwa pembeni yangu, akasema miezi 14 yote ile ya nini, si ungeacha tu.