Siku 19

Juzi mjukuu wangu aliikuta pedi ya wino wa muhuri kwenye droo yangu, akachovya kidole gumba na kukibandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la vikoba, kisha akaniuliza kama sasa ameweka sahihi. Nilitaka kumgombeza kwa ajili ya daftari, lakini harufu ya ule wino ilinifunga mdomo, kwa sababu mara ya mwisho kuinusa kwa karibu namna ile ilikuwa kwenye kiapo cha maandishi cha mdogo wangu, cha mahakamani.

Alikuwa amefungwa miaka saba kwa kuvunja nyumba usiku na kuiba, kwa ushahidi wa mama mmoja jirani yetu aliyesema alimtambua kwa mwanga wa kibatari. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu kilichokuwa cha 361 wakati ule, humpa mtu siku 10 za kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa na siku 45 za kuwasilisha rufaa yenyewe, ukiondoa muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri. Yeye aliweka dole gumba kwenye fomu ya kusudio wiki ile ile aliyoingia gerezani. Fomu haikufika ilikotakiwa kufika, na hadi leo hakuna aliyetueleza ilipotelea mkononi mwa nani. Rufaa ilipoitwa Mahakama Kuu mjini Moshi, ikafutwa kwa kukosa taarifa hiyo. Ilifutwa, haikutupiliwa mbali; wakili wa msaada wa kisheria alitukazania tofauti hiyo kama mwalimu wa darasa la tatu, maana rufaa iliyofutwa hukuachia mlango wa kurudi, mradi umwombe jaji akuongezee muda na umweleze umechelewa kwa nini, siku baada ya siku.

Siku ya kusikilizwa maombi mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, nami niliketi benchi la tatu huku mwavuli ukichuruzika miguuni pangu. Wakili wa Serikali hakubishia kupotea kwa fomu, wala miezi ya kusubiri nakala. Alifungua jalada taratibu, akaweka kidole kwenye aya moja ya kiapo, akasema kuwa tangu mwombaji akabidhiwe amri ya kufutwa kwa rufaa hadi nyaraka zilipomfikia wakili wake zimepita siku 19 ambazo hazina maelezo; kiapo kinasema nyaraka zilikuwa kwa dada wa mwombaji, na dada huyo hajaapa popote. Jaji alikuwa akiandika kwa mkono, na chumba kizima kilingoja kalamu yake ifike mwisho wa mstari. Kisha akainua uso, akamuuliza mdogo wangu kama ana la kusema kuhusu siku hizo. Akasimama na sare yake ya gereza iliyompwaya mabegani, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili, akanitazama mara moja tu, akajibu: "Mheshimiwa Jaji, dada yangu alikuwa anatafuta nauli."

Karatasi zile zilikuwa kabatini mwangu, chini ya doti ya kitenge niliyoinunua kwa ajili ya Pasaka. Nilikuwa nimejiambia kwamba nasubiri mtu wa kunisomea hukumu, kwa kuwa iliandikwa kwa Kiingereza, kabla ya mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Lakini mwalimu wa sekondari alikuwa akiishi nyumba ya pili kutoka kwangu na kila jioni alipita mlangoni akinisalimu. Ukweli ni kwamba yule mama wa kibatari tulikuwa tukiimba naye kwaya moja, sauti ya pili, na sikuwa na hakika ni nani kati yake na mdogo wangu nilikuwa namwamini. Kila asubuhi nilifungua kabati, nikaigusa bahasha, nikalifunga.

Jaji alikubali maombi. Alisema mfungwa hana mamlaka juu ya mambo yake, hutegemea mikono ya wengine, na haitakuwa haki kumwadhibu kwa ucheleweshaji wa mikono hiyo. Akampa upya siku 10 na siku 45. Rufaa ilisikilizwa, ikaonekana kwamba hakuna aliyeeleza kibatari kilikuwa umbali gani wala mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani, akaachiwa. Yule mama alihamia kwaya nyingine, na mimi sikumfuata kumuuliza lolote.

Jumapili iliyopita mdogo wangu alikuja kula kwangu, na kwa kuwa ule wino ulikuwa bado unanisumbua, nilimuuliza kama anakumbuka alichomjibu jaji kuhusu nauli. Alipuliza kijiko chake kwanza.

"Nakumbuka, dada. Kutoka Kibosho hadi mjini hata bibi alikuwa anashuka kwa miguu, na mkungu kichwani."

Kisha akaomba aongezewe mtori.