Dumu moja la dizeli linafika wapi? Kumbukumbu ya boti yetu, Mikindani

Boti yenyewe ni ya faiba, ya zamani, ina kibanda mbele na injini moja ya dizeli ya farasi 54 chini ya sakafu. Mimi na mjomba tuliinunua mwaka jana, ikiwa imekaa juu ya mchanga hapa Mikindani muda mrefu hadi kuku wanataga ndani yake. Tangu tuishushe majini swali letu ni moja: kwenda Lindi na kurudi tubebe dizeli kiasi gani? Aliyetuuzia aliapa kwamba hiyo injini "inanusa tu mafuta, hainywi". Kijana wa sheli, ambaye hajawahi kupanda boti, alisema madumu sita. Mjomba akasema tujaze tangi, mengine tumwachie Mungu. Geji haina msaada, mshale umekufia kwenye robo, tangi lijae lisijae. Nikaamua kupima mwenyewe.

Juni, bado mezani

Kwanza nilipima urefu wa boti pale inapogusana na maji, si urefu wa juu. Kamba ilitoa mita 9. Boti kama yetu hulima maji, haipandi juu yake, kwa hiyo mwendo wake una dari: chukua kipeuo cha pili cha mita hizo, zidisha kwa 2.43. Kipeuo cha 9 ni 3, jibu ni kama noti 7.3, yaani maili 7.3 za baharini kwa saa (maili moja ya baharini ni kilomita 1.852). Mjomba aliposikia habari za noti akasema angependa ziwe za elfu kumi.

Dari hilo linatokana na wimbi la boti yenyewe. Kadiri unavyoongeza mwendo, wimbi la omo, yaani mbele ya boti, hurefuka, na likifikia urefu wa boti, tezi, yaani nyuma yake, linazama kwenye bonde la wimbi hilo. Kuanzia hapo unakuwa unapanda mlima uliojichimbia mwenyewe. Ukitazama nyuma unaona maji yamesimama karibu na ukingo, na moshi umebadilika rangi.

Kisha injini. Farasi 54 ni kama kilowati 40. Injini ya dizeli ya aina hii hutumia takriban gramu 250 kwa kila kilowati kwa saa, na lita ya dizeli ina uzito wa gramu kama 840. Ikifanya kazi yote, kwenye mizunguko 3000 kwa dakika, ni lita 12 kwa saa. Utamu uko kwenye propela: mzigo wake hupanda kwa mchemraba wa mizunguko. Punguza mizunguko iwe nusu, mzigo unabaki moja ya nane. Kwa hesabu hiyo mizunguko 2200 ingekula lita 4.7 kwa saa, na 2800 lita 9.8.

Jumamosi ya kwanza majini, na aibu yake

Nilichukua dumu la lita 20 lenye plastiki nyeupe, nikamimina maji lita moja moja na kuchora mstari kwa makapeni kila hatua. Nikalikausha juani siku nzima, nikatia dizeli, nikachomeka mpira wa kunyonya na kuufunga wa tangi. Tukatoka hadi katikati ya ghuba, mizunguko 1800, simu mkononi kwa ajili ya saa.

Dakika ishirini, lita tatu zimekwenda. Hiyo ni lita 9 kwa saa! Mjomba akaanza kumtaja aliyetuuzia kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Nikiwa bado nakuna kichwa, injini ikakohoa mara mbili, ikazima. Mpira wa kunyonya ulikuwa umeinuka juu ya mafuta boti ilipoyumba, injini imeshika hewa.

Kuitoa hewa ndiyo kazi: kulegeza nati, kupampu kwa kidole gumba, kusubiri povu liishe, kukaza, kuanza nati ya pili. Huku upepo unatusogeza taratibu kwenye mikoko. Vijana wawili wa nyavu wakatuvuta kwa mtumbwi wao wa kasia, na mmoja akauliza kwa adabu kabisa, "Shikamoo wazee, mlikuwa mnavua au mnapima?" Nikajibu marahaba, hilo la pili nikalimezea.

Kosa nililiona usiku kitandani. Injini ya dizeli hainywi yote inayovuta. Mafuta yanayozidi kwenye pampu na nozo hurudi tangini kwa mpira wa pili, na ule mpira nilikuwa sijaugusa. Nilikuwa nanyonya kutoka kwenye dumu na kurudisha kwenye tangi, halafu nahesabu yote kuwa yameliwa. Unayetaka kupima hivi, mipira yote miwili iingie kwenye dumu moja, na ule wa kunyonya ufunge jiwe ncha yake ishuke chini.

Jumamosi ya pili

Sasa namba zikaanza kukaa. Mwendo nilipima kwa jipiesi ya simu, kwenda na kurudi kwenye mstari uleule, resi ileile. Usiruke hili. Mlangoni mwa ghuba maji yakiwa yanajaa nilipata noti 6.7 kuingia na 5.3 kutoka, bila kugusa akseleta. Wastani wake ni 6.0, na huo ndio mwendo wa boti. Anayepima upande mmoja tu anapima bahari.

Lakini 6.0 kwa mizunguko 2200, na lita 5.6 kwa saa, vilikuwa mbali na karatasi yangu. Mjomba akazamia, akaibuka na kiganja kimejaa makombe na majani. Boti ilikuwa na ndevu.

Tukasubiri bamvua, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji yalipokupwa tukailaza kwenye mchanga, tukakwangua hadi jua kuzama. Mzee mmoja nahodha, aliyekaa chini ya mkungu akitutazama, alitushauri tuichome kwa makuti kama walivyokuwa wakifanya kwa majahazi. Nikamwambia, "Babu, hii ni faiba, itawaka yote." Akasema ndiyo maana yeye hapendi vyombo vya plastiki.

Baada ya kukwangua, mizunguko ileile 2200 ilitoa noti 6.6 kwa lita 5.0. Daftari likawa hivi, wastani wa kwenda na kurudi:

1400: noti 4.6, lita 1.5 kwa saa, lita 0.33 kwa maili
1800: noti 5.7, lita 2.8, lita 0.49 kwa maili
2200: noti 6.6, lita 5.0, lita 0.76 kwa maili
2500: noti 7.1, lita 7.3, lita 1.03 kwa maili
2800: noti 7.4, lita 10.1, lita 1.36 kwa maili

Nilikaa na mistari miwili ya mwisho muda mrefu. Njia yetu ya Lindi, kwa kupita nje ya miamba, nimeipima kwenye chati maili 35. Kwa 2500 ni saa 4 na dakika 56, lita 36. Kwa 2800 ni saa 4 na dakika 44, karibu lita 48. Unafika dakika kumi na mbili mapema kwa lita kumi na mbili. Lita nzima kununua dakika moja! Nilimwonyesha mjomba, akatazama akseleta kama mtu aliyemkopesha ndugu.

Mbona tusiende na 1400, basi? Ni zaidi ya saa saba na nusu, na injini ya dizeli ikipelekwa kinyonge siku nzima inajaza masizi. Shemeji yangu naye asiige daftari hili. Boti yake ni nyepesi na hupanda juu ya maji, mwendo unaomla zaidi ni ule wa katikati, omo likiwa limeinuka na boti haijalala sawa.

Julai, Lindi na kurudi

Tulichagua 2200. Tangi ni lita 120, nikaligawa kwa kanuni ya mafungu matatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiguswe. Kwa hiyo kila upande usizidi lita 40. Karatasi ilisema kwenda lita 26.5. Kurudi nilikata noti moja kwa ajili ya mkondo, ikawa lita 31. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, upande wa Lindi, mwaka mzima. Unatoka baharini mbali, unagonga pwani maeneo ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na kugawanyika, na tawi letu hupata nguvu zaidi wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini.

Tuliondoka saa 12 asubuhi. Nje ya ghuba simu ikaonyesha noti 7.4 bila kuongeza kitu, tukafunga Lindi saa tano kasorobo. Fimbo ya tangi ilisema lita 24. Mkondo ulitupa bure ule mwendo wa mizunguko 2800.

Kurudi haikuwa bure. Tuling'oa nanga saa 11 alfajiri tuwahi kabla kusi haijaamka, lakini usawa wa Sudi ilikuwa imeshaamka. Omo likigonga wimbi boti inasimama kidogo, inaanza tena. Tulifika Mikindani saa 6 mchana, saa saba kamili baharini, lita 37. Zimebaki lita 3 tu theluthi ya pili iishe, kwa siku ambayo mjomba aliiita ya kawaida. Kwa hiyo wakati wa kusi safari ya kusini nitaihesabu kwa kukata noti moja na nusu, kisha niongeze kitu kwa mawimbi.

Limebaki jambo moja. Akseleta ikiwa hadi mwisho injini inaishia 2850, haifiki 3000. Boti sasa ni safi, kwa hiyo nashuku mapanga ya propela yana mkunjo mwingi kuliko uwezo wa injini. Bamvua ijayo tunailaza tena tuivue. Mwenye chombo cha kuvulia propela Mtwara mjini ameahidi kutuazima, ila anataka apelekwe Msangamkuu na kurudi. Nimeshamwambia tutakwenda kwa 1800.